Lita Mbili kwa Dakika: Udhibiti wa Maji kwenye Upondo wa Kuoshea Madirisha

Upondo wa kupitisha maji ni mti mwepesi wa nyuzi za kaboni au za kioo, uliotengenezwa kwa vipande vinavyoingiana, ambao mwoshaji aliyesimama chini huunyoosha hadi kwenye dirisha la ghorofa ya tatu au ya nne, huku mpira mwembamba uliopita ndani yake ukipeleka maji kwenye brashi iliyo kileleni. Jina hilo limeazimwa hapa kwa wanamaji wa mwambao, ambao kwao upondo ni mti wa kusukumia dau penye kina kifupi. Brashi ndiyo inayosugua, maji ndiyo yanayobeba uchafu, na kwa kuwa maji hayo huwa yameondolewa chumvichumvi, kioo hakifutwi bali huachwa kikauke chenyewe bila kubakia na doa. Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 2005 kuhusu kazi za mahali pa juu, zilizomtaka mwajiri aepushe kwanza ulazima wa kupanda kabla ya kufikiria ngazi, zilichangia kuueneza mtindo huu.

Katika bara la Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, suala la kiasi cha maji kinachofika kwenye brashi lina uzito ambao halina kule mtindo ulikokulia. Maji ya mfereji huja kwa mgao na kutoka mbali: Bomba la Mzima, lililokamilishwa mwaka 1957, huyaleta kwa mteremko kutoka chemchemi zilizoko Tsavo umbali wa takriban kilomita 220, visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki, huyasukuma kwa pampu za umeme kuelekea upande wa kaskazini wa mji, na visima vya Tiwi huihudumia Likoni. Mfereji unapokauka, wakazi hugeukia mitungi ya lita 20 inayouzwa kwa mikokoteni, au visima vilivyochimbwa katika mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa tupu na hivyo huyafanya maji kuwa magumu, na karibu na ufuo huyafanya ya chumvi pia. Upondo unaotoa lita 2 kwa dakika hutumia lita 120 kwa saa, yaani mitungi sita, na hesabu hiyo ni ya maji yaliyokwisha kusafishwa.

Usafishaji wenyewe hufanywa kwa njia mbili ambazo mara nyingi huunganishwa. Ya kwanza ni utando wenye vitundu vidogo mno, ambao maji husukumwa kwa nguvu yapite na kuziacha chumvi upande wa pili pamoja na sehemu kubwa ya maji yanayomwagwa. Ya pili ni resini, punje ndogo zinazozinasa chumvi zilizobaki na kutoa badala yake chembe zinazoungana kuwa maji. Uwezo wa resini una kikomo, na kikomo hicho hufikiwa kulingana na jumla ya chumvi iliyopita, wala si kulingana na siku au saa za kazi. Maji yenye miligramu 1,000 za chumvi kwa lita huimaliza resini mara tano upesi kuliko yenye miligramu 200, hivyo mwoshaji anayetumia maji ya kisima bila kuyapitisha kwenye utando kwanza, kisha akaacha mpira ukitiririka anapohamisha miguu kutoka dirisha moja hadi jingine, hutupa resini pamoja na maji.

Kosa la kawaida katika kuufikiria udhibiti huu ni kudhani kwamba kiasi cha maji huamuliwa na kirungu kinachozungushwa kwenye pampu. Kwa hakika, kinachofika kwenye brashi ni salio baada ya watoza ushuru watatu kuchukua chao, nao ni kimo, mpira na pua, yaani vitundu vya kurushia maji vilivyo kwenye brashi. Kimo hutoza ushuru usiobadilika: kila mita moja ya kwenda juu hupunguza karibu sehemu moja ya kumi ya baa, ambapo baa ni kipimo cha shinikizo kinachokaribia lile la hewa usawa wa bahari, kwa hiyo brashi iliyo mita 10 juu imekwisha kupoteza baa moja kabla ya tone kutoka.

Mpira hutoza kwa namna nyingine, kwani msuguano wake hukua upesi kuliko mwendo wa maji, na hukua kwa ukali zaidi kipenyo kinapopungua. Kwa lita 2 kwa dakika katika joto la pwani, mpira laini wa mita 100 wenye kipenyo cha ndani cha milimita 8 hupoteza takriban baa moja, ilhali ule wa milimita 6 hupoteza karibu baa 3.8, tofauti ya mara nne inayotokana na milimita mbili tu. Hapo ndipo mafundi wengi hukosea kwa kuilaumu pampu. Mpira mwembamba hupendwa kwa kuwa ni mwepesi kuvutwa kwenye vichochoro, na hoja hiyo ina nguvu Kisauni ambako nyumba zimebanana, lakini gharama yake hulipwa na betri ya pampu. Suluhisho la busara ni kutumia mpira mpana kwa safari ndefu ya ardhini na ule mwembamba ndani ya upondo peke yake, ambako uzito wa maji ndio unaoichosha mikono.

Pua hutoza kidogo kuliko inavyodhaniwa. Vitundu viwili vya milimita 2 kila kimoja huhitaji takriban theluthi moja ya baa kutoa lita 2 kwa dakika, na kwa kuwa shinikizo linalohitajika hufuata mraba wa mtiririko, nusu ya maji huhitaji robo tu ya shinikizo hilo. Maana yake ni kwamba maji hayakigongi kioo kama mashine ya kuoshea magari. Kazi yake ni kusuuza. Kuongeza presha ili kuondoa kinyesi cha ndege kilichokauka ni kupoteza maji, kwa sababu kinyesi hulainika kwa kuloweshwa na kungojwa, si kwa kupigwa.

Pampu zinazotumiwa sana ni za kiwambo, zenye kutumia umeme wa volti 12, na kila mzunguko wake husukuma kipimo kilekile cha maji bila kujali sana upinzani ulioko mbele. Kidhibiti chake hukata na kurudisha umeme mara nyingi katika kila sekunde, na kadiri muda wa kukatwa unavyorefushwa ndivyo pampu inavyozunguka polepole. Faida ya mpango huu ni kwamba brashi ikipandishwa kutoka ghorofa ya kwanza hadi ya tatu mtiririko haubadiliki sana, ingawa pampu hula umeme zaidi. Hasara hujitokeza mwoshaji anapofunga koki iliyo mkononi. Kidhibiti hutambua kufungwa huko kwa kuona mkondo wa umeme ukipanda, kisha huizima pampu; kikiwekwa kuwa mwepesi kupita kiasi, huudhania mzigo wa ghorofa ya tatu kuwa ni koki iliyofungwa na kusimamisha kazi bila sababu, na kikiwekwa kuwa mzito, pampu huendelea kusukuma hadi swichi yake ya presha iikate, nayo mara nyingi hungoja takriban baa 7, ambapo kiungio dhaifu huwa kimekwisha kuchomoka.

Jua la Mombasa huongeza ugumu wake. Mpira wa mita 100 uliotajwa hubeba lita 5, na ukilainishwa na joto huku koki imefungwa, hutanuka. Utanukaji wa asilimia 4 huweka akiba ya lita 0.2, ambayo hufoka koki inapofunguliwa na kutosha sekunde sita za kazi. Ndiyo sababu dirisha la kwanza baada ya kila pumziko hupata maji mengi kuliko haja, na ndiyo sababu kipimo cha kidhibiti kilichowekwa asubuhi huhitaji kurekebishwa adhuhuri.

Ipo njia ya pili, ambayo vitabu vya kigeni huipa nafasi ndogo lakini inayoafiki majengo ya bara la Mombasa, nayo ni kutumia tangi la juu ya paa, ambalo karibu kila nyumba ya ghorofa inalo kwa sababu ya mgao uleule. Tangi lililo mita 15 juu ya ardhi hutoa shinikizo bila umeme, na maji yake yakipitishwa kwenye resini huenda moja kwa moja kwenye upondo. Sharti la kwanza ni kwamba brashi isipande juu ya usawa wa maji ya tangi. Jambo la pili si dhahiri hivyo: brashi inapopandishwa kutoka mita 4 hadi mita 10, shinikizo lililosalia hupungua kwa zaidi ya nusu, lakini mtiririko hushuka kwa takriban theluthi moja tu, kwa kuwa maji yakienda polepole msuguano nao hulegea. Mfumo wa tangi, kwa hiyo, hujirekebisha kwa kiasi fulani, na mwoshaji anayeanza na madirisha ya juu na kushuka huona maji yakiongezeka pale ambapo uchafu ulioshuka kutoka juu unahitaji kusuuzwa zaidi. Udhibiti pekee unaohitajika ni koki ya mkononi, na kwa jengo la ghorofa tatu njia hii inapasa kupendelewa kuliko pampu, licha ya sifa za kidhibiti chenye tarakimu.

Aina ya uchafu nayo ina neno. Chumvi ya bahari inayoletwa na upepo wa kusi kwenye madirisha ya Likoni huyeyuka kwa maji machache, ilhali masizi yenye mafuta ya barabara ya malori Changamwe hayayeyuki kwa maji matupu kamwe, na brashi hulazimika kupita mara kadhaa kwa maji haba kabla ya kusuuza kwa maji tele. Kwa madirisha ya luva, yale ya vipande vya vioo vinavyolaliana ambayo bado ni mengi katika nyumba kongwe za pande zote tatu, kiwango chochote cha maji ni kingi mno, kwa kuwa hupenya kati ya vipande na kumwagikia ndani. Hayo huoshwa kwa kitambaa chenye unyevu, kipande kwa kipande, na mtu aliye chumbani.