Subira na Matumaini katika "Kusadikika"

Neno "kusubiri" katika mazungumzo ya siku hizi latumika zaidi kwa maana ya kungoja. Lakini "subira", neno lenye asili ya Kiarabu, ni ustahimilivu wa mtu aliye taabuni. Tofauti hiyo yaonekana wazi Utende, kusini ya kisiwa cha Mafia. Maji yakikupwa na mashua ya kuvukia Chole ikakaa mchangani, hapana nahodha awezaye kuyaamrisha yajae. Hata hivyo, mwenye busara hushona tanga na kukalafati nyufa. Huyo asubiri, mwenzake aliyelala angoja tu.

Kwa kipimo hicho yafaa kupima "Kusadikika", kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951. Wajumbe sita wapelekwa pande mbalimbali kutafuta mambo ya kuifaa nchi yao, na kila arudiye hutiwa gerezani. Karama, aliyeshitakiwa kwa kufundisha uanasheria, hafichi misiba hiyo wala haipunguzi. Aisimulia mmoja baada ya mwingine mbele ya baraza, hata kushindwa kwa watu sita kwageuka ushahidi mmoja dhidi ya mashitaka ya Waziri Majivuno. Huo ndio ubora mkubwa wa kitabu: matumaini yake hayakujengwa juu ya kusahau.

Kasoro imo katika mwisho wake. Kufunguliwa kwa wafungwa kwategemea hukumu ya Mfalme. Raia hawana kazi ila kusikiliza. Historia ya Tanganyika ilikwenda njia nyingine. Mwezi Januari 1958, mkutano wa TANU mjini Tabora ulikabiliwa na kura tatu, iliyomlazimu kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Julius Nyerere alitetea kushiriki, na mkutano ukakubali. Zuberi Mtemvu akajitenga na kuunda chama cha ANC. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, na uhuru ukapatikana tarehe 9 Desemba 1961. Sharti lililochukiwa lilishindwa kwa wingi wa watu, wala si kwa huruma ya mtawala.

Basi Shaaban Robert amefundisha vema namna ya kuhifadhi kumbukumbu ya kushindwa. Namna ya kuigeuza kumbukumbu hiyo kuwa nguvu ya umma hakuionyesha, na msomaji atafutaye mwongozo wa siasa kitabuni humo hana budi kuujua upungufu huo.