Posho na Hamu ya Chakula cha Zamani

Muhula uliopita tulipewa kazi ya kuandika insha kuhusu chakula cha utotoni. Tuliposomeana darasani, niligundua kwamba wengi wetu tulikuwa tumechagua posho na maharage, na karibu sote tulikuwa tumekiita "chakula cha mababu zetu". Mwenzetu mmoja alihitimisha kwa methali: mwacha mila ni mtumwa. Tulipiga makofi. Katika insha hii nataka kuyapinga makofi hayo, yakiwemo yangu.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Hapa Uganda, posho ni ugali wa mahindi. Mtanzania akisikia neno hilo hafikirii sahani. Anafikiria fedha anazolipwa mtu kwa safari au kikao. Maana hizi mbili zina asili moja: posho ni mgao. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kuelekea bara, mpagazi alipewa posho, yaani chakula cha siku au kitu cha kununulia chakula hicho. Baadaye unga wa mahindi ukawa mgao wa vibarua wa mashambani, askari, wafungwa na wanafunzi wa bweni, kwa kuwa ni rahisi kuusafirisha, kuuhifadhi na kuupima. Hatimaye jina la mgao likawa jina la chakula.

Mahindi yenyewe yalianza kulimwa Meksiko maelfu ya miaka iliyopita. Yalifika Afrika baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, na Wareno walikuwa miongoni mwa walioyaleta. Maharage haya tunayoyala nayo asili yake ni Amerika. Hata jina "mahindi" linatuelekeza India, kana kwamba waliolitoa walijua tu kwamba punje hizo zimevuka bahari.

Je, kosa letu ni kupenda chakula cha kigeni? Sidhani. Ndizi zilitoka Asia ya Kusini-Mashariki na karanga zilitoka Amerika ya Kusini, lakini hakuna atakayemwambia Mganda kwamba matoke kwa mchuzi wa karanga si chakula chake. Watu wakikipanda chakula, wakakipa majina na kukipikia harusi, kimekuwa chao. Kosa letu ni jingine, na aliyenionyesha ni bibi yangu.

Nilipomsimulia insha yangu alicheka, kisha akanyamaza. Kwake Kigezi, mgeni hapikiwi posho. Chakula cha heshima ni karo, ugali wa ulezi, nafaka iliyoanza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Babu, kama vijana wengi wa Kigezi wa wakati wake, alikwenda mbali kufanya kibarua katika mashamba ya miwa. Huko alikula posho kila siku. Aliporudi hakutaka kuiona nyumbani kwake. "Hicho ni chakula cha kupangiwa foleni," alikuwa akisema.

Basi nilikuwa nimemsifu babu kwa chakula alichokikataa. Hapo ndipo ninapoona hatari ya hamu ya zamani. Hamu yenyewe ni ya kweli: ninaikumbuka sufuria kubwa ya shuleni, moshi wa kuni, na jinsi tulivyogombania ukoko. Lakini wakati ule ule tuliilalamikia posho hiyo, na maharage mara nyingine yalikuwa na wadudu. Tunachokililia leo ni wenzetu tuliokula nao. Hamu hiyo inaweza kushuhudia mapenzi yetu. Haiwezi kushuhudia historia. Tukiiachia kazi hiyo, inafuta foleni, inafuta kibarua, na kuacha sahani safi.

Kuna watakaosema kwamba kuchimba namna hii kunaharibu utamu. Mimi nimeona kinyume. Tangu siku ile siwezi kupita jikoni bila kuuliza jina la kitu limetoka wapi. Waganda huita ugali huu kawunga, na ndani yake ninasikia "unga" wa Kiswahili. Kila jina ni kama mlango, na nyuma yake kuna mtu aliyebeba, aliyepika au aliyepewa mgao wake. Mwanafunzi wa lugha ana bahati ya kuwa na funguo hizo, na ni aibu akiziacha mfukoni.

Mwacha mila ni mtumwa, lakini ni lazima tuulize: mila ipi, na iliwekwa na nani? Insha yangu ya kwanza ilianza kwa kusema kwamba posho na maharage ni chakula cha mababu zetu. Leo ningeiandika hivi: posho na maharage ni chakula nilichokipenda shuleni, na babu yangu alikula posho akiwa kibaruani, akakataa kuila tena.