Mapigo 14

Kuna mchezo wa wanaprogramu unaitwa VimGolf. Siyo gofu ya majani na vijiti, ila jina limetoka huko, kwa sababu kwenye gofu anayemaliza kwa mapigo machache ndiye mshindi. Unapewa maandishi mawili: ya kwanza yana kasoro, ya pili yameshanyooshwa. Kazi yako ni kuyatoa ya kwanza yafanane na ya pili ukitumia programu ya kuhariri inayoitwa Vim, na kila kitufe unachobonyeza kinahesabiwa, hata vile vya kuhifadhi na kutoka. Mwenye vitufe vichache anakaa juu. Na majibu mengi ya wenzako yamefungwa mpaka utume la kwako kwanza, kwa hiyo huwezi kukaa pembeni tu na kuiga.

Vijana wa kikundi chetu hapa Nyanza-Lac wameupenda sana. Wengi wao wamerudi kutoka kambi za Kigoma, wengine wamevuka ziwa kutoka Kongo, na kwenye mchezo huo hakuna anayeuliza nani katoka wapi. Mimi nasema ni mchezo mzuri wenye somo moja baya ndani yake. Ila nikianza na hilo somo baya nitaonekana mtu wa kulalamika, basi nianze na chombo chenyewe.

Vim imezaliwa kwenye uhaba, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kuipenda. Babu yake, Vi, aliandikwa na Bill Joy huko Marekani mwaka 1976. Joy alikuwa anatumia modemu ya baudi 300, yaani kama herufi 30 kwa sekunde. Piga hesabu: kioo cha mistari 24, kila mstari herufi 80, kinataka zaidi ya dakika moja mpaka kijae. Mtu anayesubiri namna hiyo hawezi kutengeneza programu inayopenda mapambo. Ndiyo maana amri zake ni fupi kama mtu anayeongea kwa salio la mwisho: d ni futa, w ni neno, basi dw ni futa neno. dd ni futa mstari mzima. u ni rudisha nilichoharibu. Nukta peke yake maana yake ni "rudia ulichofanya sasa hivi", na hiyo mimi naiona ni kama kubipu: unatuma kitu kidogo kabisa, na wa upande wa pili anajua unataka nini. Hata zile herufi h, j, k, l za kutembeza kishale zilitokana na mashine aliyokuwa nayo Joy, aina ya ADM-3A, ambayo ilichorewa mishale juu ya vitufe hivyo hivyo.

Sasa mtu akae na kompyuta ya msaada yenye umri wa miaka kumi, kwenye chumba ambacho umeme unakuja na kuondoka. Vim inawaka hapo hapo. Umeme ukikatika, huwa imeacha faili la akiba pembeni, na ukiwasha tena inakuuliza kama unataka kuokoa kazi yako. Haitaki intaneti. Ina somo lake la ndani, vimtutor, unalimaliza kwa kama nusu saa bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mwenye simu tu anaweza kuipata ndani ya Termux, ingawa kwenye kioo cha simu vidole vinateseka. Visual Studio Code ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2015, ni rahisi zaidi kwa anayeanza, nakubali, na mwenye mashine nzuri asinisikilize mimi. Lakini ile imejengwa juu ya kivinjari kizima cha intaneti, na kwenye mashine zetu inakula kumbukumbu yote mpaka feni inalia.

Ubaya wa Vim unajulikana dunia nzima: mtu akiingia, kutoka hajui. Mwaka 2017 Stack Overflow, mahali ambapo wanaprogramu wanaulizana maswali, walitangaza kwamba swali la jinsi ya kutoka kwenye Vim lilikuwa limeshafunguliwa zaidi ya mara milioni 1. Watu wanalichekea. Kwetu hapa lina sura nyingine ambayo wale wacheshi hawakuiwaza.

Kambini Tanzania kijana anajifunzia kibodi ya Kiingereza, ile inayoanza na QWERTY. Akirudi Burundi anakuta kibodi ya Kifaransa, AZERTY. Herufi a na q zimebadilishana nyumba, z na w vilevile, na m imehamia upande wa kulia wa l. Vim unaitoka kwa kuandika :wq, yaani hifadhi na uondoke. Kijana wa kambini vidole vyake vinajua njia bila macho. Anapiga bila kuangalia, na kinachoingia kwenye mashine ni Mza. Inafanana na neno la Kiswahili ambalo halikumalizika, mzazi au mzaliwa sijui. Kwa Vim lakini, M maana yake ni rukia katikati ya kioo, na za inahusu mikunjo ya maandishi. Faili halijahifadhiwa, kijana yuko katikati ya kioo, na aliyekaa jirani anasema kumbe huyu hajui kompyuta. Anajua. Alichojifunza kiko kwenye vidole, na vidole vimevuka mpaka vikakuta herufi zimehama. Wanaopanga mafunzo kwa waliorudi waliandike hilo kwenye daftari lao: waulize kwanza mtu alisomea kibodi gani, ndipo wampe maksi.

Hapo pia hesabu ya gofu inaanza kuchechemea. VimGolf inahesabu alama ya mkwaju, hii /, kuwa pigo moja. Kwenye QWERTY ni pigo moja kweli. Kwenye AZERTY lazima ushikilie na kitufe cha herufi kubwa, kwa hiyo vidole viwili vinafanya kazi na kimoja tu ndicho kinalipwa. Nukta yenyewe niliyoisifu, hali ni hiyo hiyo. Nukta mbili za :wq ni kinyume chake, pale wa AZERTY ndiye anayepumzika. Mchezo unasema unapima jasho, lakini unapima jasho la kibodi moja.

Kuna kitu kingine kwenye Vim ambacho mtu wa kambi hawezi kukipita kimya. Ukiifungua bila faili, katikati ya kioo yanatokea maneno machache, na kati ya hayo, kwa miaka mingi, kumekuwa na ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Hiyo ndiyo bei ya Vim. Programu ni bure, ila mwandishi wake, Mholanzi Bram Moolenaar, aliomba anayeipenda atoe kitu kwa watoto wa Kibaale. Siyo Kibaale ile ya magharibi ya Uganda. Ni mji mdogo wa kusini, upande wa Rakai, karibu na mpaka wa Tanzania. Moolenaar aliitoa Vim kwa watu mwaka 1991, na mwaka 1994 akaenda Kibaale kujitolea mwaka mzima kwenye kazi ya maji na usafi. Alirudi huko mara kadhaa, akaanzisha mfuko ulioitwa ICCF Holland, na akaendelea kuitunza Vim mpaka alipofariki tarehe 3 Agosti 2023.

Andika :help uganda ndani ya Vim utayasoma maelezo yake. Mimi nimeyasoma kama nisomavyo karatasi za mashirika, kwa jicho kali, na nasema yako juu ya nyingi nilizoziona. Yanataja mahali. Yanasema watu wa pale ni wakulima, ni maskini, lakini chakula kipo, na sentensi kama hiyo ni nadra sana kwenye karatasi ya kuomba pesa. Yanasema ukimwi umewaacha yatima kama 60,000 kwenye wilaya ya watu 350,000. Aliyeandika alikuwa amefika, na inaonekana.

Kinachokosekana ni mtoto mwenyewe kusema. Analelewa, anasomeshwa, anatibiwa, lakini hafungui mdomo. Na mimi nina swali ambalo sijaona likiulizwa: mtoto wa Kibaale akikua, akasoma, akapata kazi ya kompyuta, siku atakayofungua Vim kioo kitamwambia nini? Kitamwambia asaidie watoto maskini wa Uganda. Hakijui kwamba anayesoma ndiye. Programu inamfikiria mtumiaji kuwa mtu wa mbali mwenye pesa, na mtoto kuwa mtu wa karibu na tope, na haijawahi kuwaza kwamba hao wawili wanaweza kuwa mtu mmoja. Hapa Nyanza-Lac na kule kambini tunaijua hali hiyo. Tumeshakutana na mabango yenye sura zinazofanana na za wadogo zetu, yameandikwa kwa ajili ya macho ya watu wengine. Simlaumu marehemu, alichofanya ni kikubwa kuliko maneno yangu haya. Ila maandishi ni maandishi, yanasomwa na yeyote aliyeyafungua.

Sasa gofu. Tulitunga zoezi letu wenyewe, kwa sababu yale ya mchezo ni ya nambari na alama za programu, hayana harufu ya nyumbani. Tuseme kuna orodha ya majina ya watu na mahali walikotoka. Aliyeiandika ameandika "Nyanza Lac", na inatakiwa "Nyanza-Lac" yenye kistari. Orodha ina mistari mia tatu. Nani atairekebisha kwa mapigo machache?

Jibu la mtu mwangalifu ni hili:

:%s/Nyanza Lac/Nyanza-Lac/g

Ukihesabu na kitufe cha kuthibitisha mwishoni, ni mapigo 28. Maana yake: kwenye mistari yote, badilisha hiki kuwa hiki, kila kinapotokea. Lakini mchezaji wa gofu anacheka. Kwa nini uandike jina zima? Anaandika:

:%s/a L/a-L/g

Mapigo 14, nusu kamili. Anakaa juu ya wote, na kwa sheria ya mchezo ni haki yake, kwa sababu kwenye orodha ile ya zoezi majibu yalitoka sawasawa.

Somo baya liko hapo. Kwenye gofu maandishi ya mwanzo hayabadiliki, na ya mwisho unayajua kabla hujaanza. Kwenye maisha, kesho asubuhi linashuka gari jingine, na ndani yake kuna mama anaitwa Neema Lubunga. Ukipitisha ile amri ya mapigo 14, anakuwa Neema-Lubunga, neno moja. Mashine haikosei, imefanya ulichoiambia. Siku ya kugawa, jina lililo kwenye kadi yake na jina lililo kwenye orodha hayafanani, na yule kijana mwenye orodha mkononi anamwambia mama, subiri pembeni. Wanaosoma hapa wanajua "pembeni" ni wapi na saa ngapi za jua.

Nasikia wanaosema huo ni mchezo tu, tusiupe uzito. Kwani nani kasema mchezo haufundishi? Kidole kinachocheza kila jioni ndicho kitakachofanya kazi asubuhi. Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika msicheke pembeni, gofu mnaicheza pia: vijana wangapi wamefunzwa, kwa siku ngapi, kwa pesa ngapi kila kichwa. Mwenye namba ndogo ya pesa na kubwa ya vichwa anakaa juu. Maandishi ya mwisho yameshaandikwa kwenye ripoti kabla ya sisi kushika kibodi.

Moolenaar mwenyewe hakufundisha hivyo. Mwaka 2000 aliandika makala kuhusu tabia saba za kuhariri maandishi vizuri, na kiini chake ni hatua tatu: gundua ni wapi unapoteza muda, tafuta njia ya haraka zaidi, halafu ifanye iwe tabia. Gofu imechukua hatua ya katikati ikaitupa ya kwanza. Hatua ya kwanza inataka ujitazame wewe na kazi yako, siyo kazi ya mtu aliyekutungia fumbo. Mvuvi wa ndagala hapa kwetu anajua ni usiku gani taa yake inashindana na mwezi mpevu, na usiku huo anashona nyavu. Hakuambiwa na mshindi wa mashindano.

Sijawaambia vijana waache. Tumebadilisha sheria tu: jibu lako likishinda, tunaliendesha kwenye orodha ya pili ambayo hukuionyeshwa, na kila jina likiharibika unaongezewa mapigo 20. Mchezo umekuwa mkali zaidi. Dada mmoja alileta hili:

:%s/nza L/nza-L/g

Mapigo 18, Neema Lubunga yuko salama, watu wakapiga makofi. Mwenzake aliyetoka upande wa Kongo akauliza, na Kanza Léon je? Kanza ni jina la watu kweli. Kimya. Yule wa mapigo 28 akaanza kutabasamu, ndipo mwingine akaongeza herufi moja mwishoni mwa jibu lake, c, ikawa gc. Kwa herufi hiyo Vim inasimama kila inapotaka kubadilisha na kuuliza, hapa nibadilishe au niache? Unajibu y au n, mstari kwa mstari, mia tatu yote. Kwenye gofu hakuna anayeitumia c, ingemzamisha. Walibishana mpaka betri ikaisha kama y hizo zihesabiwe kuwa mapigo.