Meza ya Jikoni Ni ya Nani?

Wanaume wengi tusemao kwamba jiko ni mali ya mwanamke ndio hao hao tuliolichora bila kumwuliza mwanamke. Nakiri mapema kwamba mimi ni mmoja wao. Kwa hiyo haya niyaandikayo ni lawama kwa nyumba yangu kwanza, kabla hayajawa lawama kwa nyumba za jirani.

Nyumba yetu ipo Sumbawanga, upande unaotazama Milima ya Mbizi. Tuliijenga kwa tofali za kuchoma, kidogo kidogo, kama wajengavyo watumishi wengi. Jiko la ndani lilikuwa na meza ya zege iliyopigwa niru, nayo baada ya miaka zaidi ya 20 ilikuwa imepasuka na kushika weusi kandokando ya sinki. Nilipopata mafao yangu ya kustaafu niliamua kuibomoa. Binti yetu alikuwa amechumbiwa, wageni wangekuja, na katika nyumba ya rafiki nilikwisha kuona jiwe jeusi la granaiti linalong'aa hata mtu akajiona uso. Nikamwambia mke wangu, "Mama Neema, tutaweka granaiti." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Baba Neema, utaiweka jiko lipi?"

Swali hilo lilinichoma, kwa sababu nyumba yetu, kama nyumba nyingi za mji huu, ina majiko mawili. La ndani lina sinki na jiko la gesi. Humo huchemshwa chai na kupashwa moto chakula cha mgeni. La nje lina mafiga na jiko la mkaa. Huko ndiko husongwa ugali, huko maharage huchemka nusu siku, huko migebuka iliyotoka Ziwa Tanganyika huparuliwa magamba. Na huko hakuna meza hata moja. Kwa miaka yote hiyo mke wangu alikuwa akikaa kwenye kigoda, sinia mapajani, anakata mboga. Akitaka kukanda unga huinama hadi mgongo unamlilia. Meza niliyokuwa naisikitikia ilikuwa katika chumba kisicho na kazi, na mwenye kazi hakuwa na meza.

Basi hapo ndipo ninapopata kipimo cha ukosoaji wangu. Meza ya jikoni isihukumiwe na macho ya anayeingia, ihukumiwe na mikono na mgongo wa anayesimama mbele yake. Kwa kipimo hicho nilizipitia upya bidhaa zote ambazo mafundi walinipigia debe.

Granaiti kwanza. Ni jiwe gumu kweli. Kisu hakilichani, sufuria ya moto hailitishi, ndimu hailidhuru. Lakini ni zito: jiwe la unene wa sentimita 3 hufikia kama kilo 80 kwa mita moja ya mraba, na jiwe liingialo kwa meli kupitia Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kabla ya kutufikia. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga imepunguza mashaka ya safari, ila haikuyamaliza, na mahali palipotobolewa kwa ajili ya sinki ndipo jiwe hupenda kukatikia. Tena mji wetu uko juu takriban mita 1,800. Mwezi wa Julai, asubuhi, jiwe hilo huwa baridi kama maji ya mtoni. Chapati zitasukumika vizuri juu yake, lakini donge la maandazi lenye hamira likiachwa hapo litachelewa kuumuka.

Marumaru nayo ina mvuto wake. Nasema marumaru yenyewe, si vigae ambavyo siku hizi tumevipa jina hilo. Tunayo karibu, kule Songwe upande wa Mbeya, jiwe lililojengwa na chemchemi za maji moto tabaka kwa tabaka, lenye rangi ya joto inayopendeza. Kasoro yake ni kwamba ni jiwe la chokaa, na chokaa haipatani na uchachu. Kamulia samaki ndimu juu yake, usahau kufuta, na kesho utakuta alama iliyofifia ambayo sabuni haiiondoi. Kwa nyumba inayokula samaki na nyanya kila siku, huo ni ugomvi wa kudumu.

Vigae ni rahisi kununua na kila fundi anajua kuvipanga. Lakini kati ya kigae na kigae kuna mfereji, na mfereji hula unga, mchuzi na mafuta. Mama wa nyumba hupewa meza moja na mipaka mia ya kusugua.

Kuna pia jiwe la kutengenezwa viwandani, ambalo zaidi ya tisa ya kumi yake ni chembe za kwatsi zilizoshikanishwa kwa gundi maalumu. Ni zuri na halinywi maji, ingawa sufuria ya moto huweza kuliunguza. Lakini tatizo lake kubwa si la mpishi, ni la fundi. Likikatwa bila maji hutoa vumbi laini la silika, nalo huacha makovu kwenye mapafu ambayo hayaponi. Australia ilipoona vijana wa kazi hiyo wanaugua, ilipiga marufuku mawe hayo kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Granaiti nayo ina silika, ingawa kwa kawaida ni kidogo kuliko hayo. Mimi nimewaona vijana wetu wakikata mawe kwa grenda kando ya barabara, leso puani, weupe kama waliotoka mashineni kusaga unga. Uzuri wa meza haustahili kulipwa kwa pumzi ya kijana wa mtu.

Mbao ndiyo iliyonishangaza. Wengi huikataa wakisema maji huiozesha. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kalambo, mpakani mwa mkoa wetu na Zambia, wataalamu walitangaza mwaka 2023 kuwa wamepata magogo mawili yaliyochongwa na binadamu yakashikamana, yenye umri wa miaka isiyopungua 476,000. Yalidumu kwa sababu yalilala ndani ya udongo wenye maji, mahali hewa haifiki. Kinachoua mbao ni kulowa na kukauka, kulowa na kukauka, yaani maisha yale yale ya kando ya sinki. Mbali na sinki, ubao wa mninga uliopakwa mafuta utamtumikia mpishi muda mrefu, hauumizi kisu, na hauna baridi ya jiwe.

Hata hivyo, baada ya hesabu zote hizo niligundua kwamba nilikuwa bado nakosea. Nilikuwa nauliza meza iwe ya nini, na sikuuliza iwe na kimo gani. Makabati yanayouzwa tayari mara nyingi huifikisha meza kwenye sentimita 90 hivi. Mke wangu ni mfupi. Ushauri wa wajuzi ni kwamba kwa kazi nyepesi meza iwe chini ya kiwiko kwa sentimita 10 hadi 15, na kwa kazi ya kukandamiza ishuke zaidi. Nilichukua futi kamba nikampima kiwiko. Alicheka sana. Alisema hajapimwa na mtu tangu fundi aliyemshonea gauni la harusi.

Kosa hili si la Sumbawanga peke yake. Mwaka 1926, kule Frankfurt, Ujerumani, mbunifu Margarete Schütte-Lihotzky alichora jiko dogo lililohesabiwa kila hatua ya mpishi, nalo likajengwa katika nyumba zipatazo 10,000. Wengi humwona mama wa jiko la kisasa. Mwenyewe alikuja kukiri kwamba alipolichora alikuwa hajawahi kuendesha nyumba wala kupika. Lakini yeye angalau alizihesabu hatua za mpishi. Sisi wengine huhesabu wageni.

Nilimkumbuka bibi yangu. Yeye alikuwa na jiwe lake la kusagia ulezi, gumu, la kijivu, lililolika katikati kwa miaka ya kazi. Jiwe gumu si geni kwetu Ufipa. Lakini bibi alilipigia magoti kila alfajiri, na alipozeeka magoti yale hayakumnyooka tena. Sikutaka kununua jiwe jingine la kupigiwa magoti, hata kama linang'aa.

Mwishowe tuliamua hivi. Meza ya ndani ilitengenezwa tu nyufa zake. Fedha ilikwenda nje. Tuliezeka jiko la nje vizuri, tukatoa bomba la moshi, tukajenga meza ya zege yenye terazo, kimo sentimita 82, na upande mmoja ukashushwa kwa ajili ya kukandia. Mbali na maji tukaweka ubao wa mninga. Terazo nayo huumizwa na ndimu, sikatai. Lakini ikichakaa, fundi wa hapa hapa huisugua upya kwa jiwe la msasa na maji, bila kusubiri lori.

Siku ya wageni hakuna aliyeisifu meza ile, maana haionekani kutoka sebuleni. Jioni, vyombo vilipokwisha, nilimkuta Mama Neema amesimama mbele yake anakunja kanga. Nilimwuliza mgongo vipi. Akajibu, "Leo haujanisemesha." Kwa mtu aliyechelewa kuuliza kama mimi, hiyo ilikuwa sifa ya kutosha.