Neno "Ushirikishwaji" na Mazingira ya Kariakoo

Kati ya maneno yaliyoenea katika Kiswahili cha maofisi tangu miaka ya 1990, ni machache yatumikayo kama ushirikishwaji kila yanapozungumzwa mambo ya ardhi, maji na miti. Lasikika katika mikutano ya mitaa mjini Dar es Salaam, na ni nadra kusoma taarifa juu ya Bonde la Msimbazi au usafi wa Kariakoo usilikute. Yafaa basi lipimwe, si kwa uzuri wake, kwani hauonekani, bali kwa yale lisemayo bila ya wenye kulitumia kukusudia.

Umbo lake ni wazi. Kushiriki ni kuwa na fungu katika jambo. Kushirikisha ni kumtia mwingine katika jambo hilo. Kushirikishwa ni kutiwa. Juu ya hayo kimeongezwa kiambishi -ji, ambacho katika maneno kama uombaji na usemaji huonyesha kazi ya mtendaji mwenyewe. Hapa chamfuata mtu asiyetenda neno. Wapo wasemao kwamba hili ni jambo la sarufi tu, na kwamba utekelezwaji na uboreshwaji yamekwisha kupita mlango huohuo. Hoja hiyo haitoshi, maana neno ushiriki lilikuwapo, fupi na jepesi, nalo mara nyingi likaachwa.

Hata hivyo haifai kulihukumu upesi. Kauli ya kutendeshwa huleta swali: na nani? Mtu akisema wananchi walishiriki, hakuna wa kudaiwa. Akisema walishirikishwa, pana mwenye wajibu nyuma ya kitenzi, naye aweza kuulizwa alifanya nini, na lini. Kwa maana hiyo neno ni kweli kuliko walitumiao. Ubaya ni kwamba mwenye wajibu huyo ni nadra kutajwa; husemwa "ushirikishwaji wa jamii", na sentensi hukomea hapo.

Neno hili lilipata nguvu mbali na mji. Huko Duru-Haitemba, wilayani Babati, katika miaka ya 1990 vijiji vilipewa ulinzi wa msitu ambao serikali ilikuwa imekusudia kuufanya hifadhi yake. Mwenendo wa namna hiyo ukaja kuitwa usimamizi shirikishi wa misitu, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaupa nafasi. Kijijini neno lilikuwa na mwili. Halmashauri ya kijiji ni chombo chenye nafsi yake kisheria, hutunga sheria ndogo, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ndiyo isimamiayo ardhi ya kijiji. Mtaa wa mjini una mwenyekiti, una kamati na mkutano wa wakazi, lakini hauna ardhi wala uwezo wa kutunga sheria ndogo. Neno lilihamia mjini peke yake, vyombo vyake vikabaki kijijini.

Tena katika Kariakoo hata hiyo jamii ni shida kuitambua. Mahali penyewe palipata jina kwa kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, katika vita vya 1914 hadi 1918. Na tangu lilipofunguliwa mwaka 1975 soko lililosanifiwa na Beda Amuli, umati ushindao hapo mchana si ule ulalao hapo usiku. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi. Muuza nguo wa Mtaa wa Kongo akaaye Mbagala, mchukuzi, mama lishe, hao hawana sauti humo, ingawa wao ndio wajuao ni mfereji upi huziba kwanza mvua inyeshapo. Mwishoni mwa mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo walipoondolewa kando ya barabara, kazi hiyo iliitwa kuwapanga wamachinga. Vyombo hupangwa kabatini, na nyanya hupangwa mafungu sokoni. Hapa hata kauli ya kutendesha haikuhitajiwa.

Bonde la Msimbazi, lipakanalo na Kariakoo upande wa Jangwani, lafundisha zaidi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40, baadhi ya wakazi walihamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 nyumba nyingine zikatiwa alama ya X nyekundu na ubomoaji ukaanza. "Wakazi wa mabondeni" likawa jina la shtaka. Karakana ya mabasi yaendayo haraka nayo ilijengwa Jangwani, ikafurika mara kwa mara, wala haikupata jina hilo. Katika miaka hiyohiyo kazi ya Ramani Huria, iliyoanza mwaka 2015, iliwakutanisha wanafunzi wa vyuo na wenyeji katika kuchora mitaa na mifereji, na mwaka 2018 ikafanyika mikutano ya kupanga hali ya baadaye ya bonde. Juu ya ramani ile kitenzi kushiriki chatumika kwa haki, kwa kuwa alichokijua mwenyeji kiliingia katika mchoro. Ulipofika mradi wa bonde, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022, mkazi akaorodheshwa, nyumba yake ikathaminiwa, akalipwa, akahamishwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliandikwa kwa Kiingereza, na tangu mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya sheria za Tanzania. Kwa mfasiri, jambo hili si la mapambo. Kifungu kisemacho "kutakuwa na ushirikishwaji wa wananchi" hakimfungi mtu yeyote; kisemacho "halmashauri itawashirikisha wananchi kabla ya kuamua" chaweza kupelekwa mahakamani.