Kisanduku Kinachokataa

Kabla hajasoma kilichoandikwa, fundi aliiweka regulateri yangu ya sola kiganjani, akaipandisha na kuishusha kidogo, jinsi akina mama wa hapa ufukweni wanavyopima fungu la ndagala kwa mkono.

"Nyepesi," akasema.

Ilikuwa ya buluu, ina kioo kidogo na matundu mawili ya kuchajia simu, na usoni imeandikwa kwa herufi kubwa: MPPT. Nilikuwa nimetoka kuinunua katika duka moja la hapa Baraka, nikajiona mjanja kwa bei niliyopata. Akatoa bisibisi, akafungua skrubu nne. Ndani mlikuwa na ubao mmoja, transista chache zimejipanga kama watoto mstarini, na nafasi tupu ya kumtosha mjusi kutaga mayai. (Na hutaga kweli, nimeyaona.)

"Nitafutie koili," akaniambia.

Nilitafuta. Hapakuwa na koili.

MPPT ya kweli haiwezi kuwa nyepesi. Inapokea umeme wa paneli wenye volti nyingi na ampea chache, inaugeuza uwe wa volti chache na ampea nyingi, na mageuzi hayo yanahitaji koili ya waya mnene wa shaba. Shaba ina uzito. Mageuzi huleta joto pia, ndiyo maana mgongo wa mashine hiyo huwa bamba la alumini lenye mapezi. Ile aina ya kawaida, PWM, ni swichi tu: inafungua na kufunga njia mara nyingi kwa sekunde moja. Haina koili, haina haja ya mgongo mzito. Kwa hiyo lebo inaweza kusema itakalo. Mkono wa fundi umeshajua.

Hakuidharau PWM lakini, na hapo ndipo nilipoanza kumsikiliza. Paneli ndogo ya seli 36 hufanya kazi vizuri kwenye volti 18 hivi, betri ya volti 12 inachajiwa kwenye 13 au 14, kinachopotea katikati si kikubwa. Mtu wa balbu nne na redio, mwache na PWM yake. Shida inakuja na paneli kubwa za seli 60, za wati 250, ambazo watu wananunua wakiona ukubwa wa kioo. Hizo hufanya kazi kwenye volti 30 na ampea 8 na kidogo. Ukizifunga kwa PWM kwenye betri ya volti 12, ampea ni zilezile 8, volti zinashuka hadi 13, na fundi anakuandikia hesabu kwa chaki sakafuni: 8 mara 13, wati 104. Umelipia 250. MPPT ya kweli ingetoa kwenye paneli hiyohiyo ampea 18 hivi.

Umeme wa mto Ruzizi unafika Uvira. Ukishuka kusini, Makobola, Mboko, Lusenda, mpaka hapa Baraka, kisha ukipanda milimani kwenda Fizi, nyumba nyingi zenye taa zina paneli juu ya mabati. Watu huzungumza habari za paneli kwa sababu inaonekana barabarani, na za betri kwa sababu ni ghali. Regulateri hutajwa mwisho, na pesa yake ni ile iliyobaki. Mimi mwenyewe, miaka kadhaa nyuma, niliona ni ushuru usio na maana. Usiku ikikata taa, nilichomoa waya na kuunga betri moja kwa moja. Taa iliwaka, nikashangilia. Nilifanya hivyo kila jioni. Betri haikumaliza mwaka.

Fundi aliponieleza kosa langu hakuanza na volti. Alisema: "Papa, hiki kisanduku kazi yake ni kukataa. Mchana kinakataa betri isishibe kupita kiasi, usiku kinakataa wewe usiimalize. Ukikinyamazisha, nani atakataa?"

Betri ya risasi ni kitu cha zamani. Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza mwaka 1859, miaka 12 kabla Stanley hajamkuta Livingstone ng'ambo ya ziwa letu, pale Ujiji. Tabia zake zimejulikana muda wote huo. Ikiachwa tupu, fuwele za salfeti zinagandamana kwenye mabamba yake na haziyeyuki tena kirahisi. Ikijazwa bila kipimo, maji yake yanageuka gesi na kupotea. Kati ya hayo mawili kuna njia nyembamba, na fundi anaielezea kwa bidoni ya mawese. Mwanzoni unamimina kwa nguvu. Mafuta yakikaribia shingo unapunguza, yanakuwa uzi. Mwisho ni tone moja moja. Regulateri hufanya hivyo: inaruhusu ampea zote hadi betri ifike volti 14.4, inaishikilia hapo huku ampea zikipungua zenyewe, halafu inashuka hadi 13.7 hivi na kukaa hapo, inarudisha tu kile kinachovuja.

Namba hizo hazisimami mahali pamoja, na hili mafundi wengi hawalijali. Betri yenye joto inataka volti chache zaidi, yenye baridi inataka nyingi. Kwa betri ya volti 12, nyuzijoto 10 za tofauti zinataka marekebisho ya volti 0.2. Betri iliyokaa chini ya mabati ya Baraka saa nane mchana na nyingine iliyokaa Fizi milimani, kwenye chumba chenye sakafu ya udongo, hazistahili chakula kimoja. Regulateri nzuri ina kipimajoto chake, lakini kinapima joto la pale ilipo yenyewe. Ndiyo sababu fundi haitundiki sebuleni ipendeze wakati betri iko jikoni. Zinakaa jirani, ukuta mmoja, na waya mfupi.

Waya! Hapo ataongea mpaka chai ipoe. Mita 10 kutoka juu ya nyumba ni mita 20, maana umeme unakwenda na kurudi. Ukipitisha ampea 10 kwenye waya wa milimita 2.5, unapoteza volti 1.4 njiani; kwenye waya wa milimita 6, kama 0.6. Volti 1.4 ndiyo tofauti kati ya betri inayoshiba na ile inayolala na njaa kila siku huku mwenyewe akilaumu mawingu.

Nimemtazama akifunga mara nyingi, na mpangilio wake haubadiliki hata kama mvua inamkimbiza. Betri kwanza, fyuzi ikiwa karibu na ncha ya chanya. Anangoja kioo kiwake, kwa sababu regulateri huitazama betri ili ijue kama iko kwenye mfumo wa volti 12 au 24. Kisha paneli. Mwisho taa. Akifungua anarudi kinyume. Akimaliza, anavuta kila waya taratibu kwa vidole viwili. Halafu anakaa. Hili ndilo wateja hawalielewi: amemaliza, mbona haondoki? Anakaa nusu saa na mita yake, analinganisha kioo cha regulateri na kipimo chake mwenyewe, kwa sababu kioo nacho huweza kudanganya.

Wavuvi ndio waliomfundisha subira hiyo, anavyosema. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za LED na betri. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki vizuri, basi mitumbwi inapumzika na betri zinatupwa pembeni, nusu tupu, mpaka giza lirudi. Betri zilikuwa zinafia katika siku hizo za kupumzika, si za kazi. Akawashawishi baadhi yao waziache zimefungwa kwenye regulateri wiki yote ya mbalamwezi, zikila tone moja moja. Ilimchukua muda. Mvuvi haoni kwa nini alishe kitu ambacho hakifanyi kazi.

Turudi kwenye kisanduku changu cha buluu. Alikiweka kwenye mfuko wake na sikuuliza. Wiki mbili baadaye aliniita twende kwa kinyozi mmoja karibu na soko. Jioni iliyotangulia regulateri ilikata umeme mteja akiwa amenyolewa upande mmoja, na mteja alitoka na kitambaa kichwani akiahidi kurudi na kaka zake. Kinyozi alitaka jambo moja tu: "Toa hiki kitu, Fundi, uniungie moja kwa moja."

Fundi akafuata nyaya kwa macho. Mmoja ulipita kwenye tundu la ukuta kwenda kwa jirani, kwenye televisheni na dekoda yake: wati 60, kwa muda wa saa sita kila jioni. Paneli ya kinyozi ilikuwa ya wati 100. Mashine ya kunyolea yenyewe inakula wati 10.

Hakugombana na mtu. Mashine ya kunyolea aliiacha kwenye regulateri ya zamani, ambayo inakata betri ikifika volti 11.4. Kisha akatoa mfukoni kile cha kwangu, akakifunga kwenye betri bila paneli, akapitishia humo waya wa jirani, na kukipangia kukata kwenye 12.0. Televisheni itazimika mapema, mashine itaendelea. Alikipima mara tatu kwa mita yake mpaka akaridhika kwamba namba ya kukata ni ya kweli.

Kabla ya kukitundika ukutani akaomba wembe wa kinyozi, akaparuza zile herufi nne mpaka zikaisha.