Paa Lilirudi, Watoto Je?

Karibu kila parokia ina kijitabu chake cha jubilii. Cha kwetu kina picha za mapadre, mwaka wa jiwe la msingi na orodha ya waliochangia mabati. Nyanya yangu alibeba mchanga wa ujenzi kwa karai, lakini jina lake hulipati. Tangu hapo, nikisoma historia ya kanisa lolote, kwanza natafuta aliyeachwa nje.

Chukua Ballintubber, kijijini huko Mayo, magharibi mwa Ayalandi. Mfalme Cathal Crobhdearg wa Connacht alianzisha abasia hiyo mwaka 1216. Mwaka 1653 wanajeshi wa Cromwell wakaichoma. Wenyeji husimulia kwamba misa haikukoma hata hivyo. Watu walisali wakinyeshewa hadi kanisa lilipoezekwa upya kwa jubilii ya 1966. Hadithi tamu, bana, na watu waliopokonywa ardhi na dini walihitaji hadithi kama hiyo. Ila mbaya wake ametoka nje. Kuisimulia hakumgharimu mwenyeji chochote.

Sasa twende Tuam, kaunti jirani ya Galway, makao ya jimbo kuu lilelile. Kuanzia 1925 hadi 1961, watawa wa Bon Secours waliendesha pale nyumba ya wanawake waliopata mimba nje ya ndoa, pamoja na watoto wao. Hapa hakuna Cromwell wa kulaumiwa.

Catherine Corless, mwenyeji wa eneo hilo na wala si mhadhiri wa chuo chochote, aliandika kuhusu nyumba hiyo kwenye jarida la historia ya Tuam mwaka 2012. Hakuachia hapo. Alifuatilia vyeti vya vifo, na 2014 dunia ikasikia hesabu: watoto 796, na hakuna rekodi ya walikozikwa. Mwaka 2017 tume ya serikali ikathibitisha kwamba kuna mabaki ya watoto katika vyumba vya chini ya ardhi pale pale. Uchimbaji wa kuwatoa ulianza 2025.

Kama mhakiki, kinachonigusa ni kwamba Corless hakutumia mbinu mpya. Rejista, ramani kuukuu, kumbukumbu za majirani: ni vifaa vilevile vya mwandishi wa kijitabu cha jubilii. Tofauti ni swali. Kijitabu kinauliza nani alijenga. Yeye aliuliza nani alizikwa, na wapi. Orodha yake pia ni ya majina, kama ile ya wachangiaji wa mabati, lakini hii haimpendezi mtu yeyote, na ndiyo maana ilichukua miaka mingi hivyo kuandikwa.

Mapadre wa Kiayalandi walifanya kazi Kitui na Turkana pia, na vijitabu vya jubilii huku kwetu bado vinachapishwa. Ukiombwa kuandika kimoja, usianze na picha ya askofu. Omba kwanza rejista ya mazishi, kisha uketi na akina nyanya waliobeba mchanga.